Kupanda mawaridi nyumbani msimu wa kipupwe, Malindi na Lamu

Miongozo mingi ya mawaridi imeandikwa na watu wanaopigana na barafu. Watakwambia upande mti wenye mizizi mitupu majira ya baridi, ufukie shina lisiungue kwa baridi, upogoe hadi karibu na ardhi mti ukiwa umelala. Kwao ni sawa. Mwaridi wa Ulaya hupukutisha majani yote ukalala miezi kadhaa, na mti uliolala unaweza kung'olewa, ukafungwa kwenye gunia na kusafirishwa bila kushtuka. Wa kwetu haulali. Huchipua na kutoa maua mwaka mzima ukipata nafasi, na kinachoukosesha nafasi si baridi. Ni chumvi, ni chokaa ya matumbawe iliyo chini ya viwanja vyetu, na ni upepo. Ukiyaweza hayo matatu, yaliyobaki ni kazi ya kawaida ya bustani, na wakati wa kuyaanza ni kipupwe.

Lini hasa

Kuanzia Juni hadi Agosti joto la mchana Malindi na Lamu hukaa karibu na nyuzi 28, usiku likashuka mpaka karibu na 22. Mtu wa Limuru angecheka akitusikia tukiiita hiyo baridi, lakini kwa mwaridi tofauti ya hapo na Februari ni kubwa. Joto likizidi, waridi hufunguka upesi, huwa dogo, petali zake chache na rangi imepauka. Ndiyo maana mashamba ya maua ya kuuzwa nje yako Naivasha na nyanda nyingine za juu, penye usiku wa baridi, wala hayako Kilifi.

Usipande Mei. Huo ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi huku kwetu, na shimo lililochimbwa kwenye mwamba hutuama maji mpaka mizizi ikaoza. Ngoja masika yatulie, tuseme nusu ya pili ya Juni, na uwe umemaliza kabla ya Agosti kwisha. Mche wa Julai hupata kipupwe kilichobaki, kisha mvua za vuli za Oktoba na Novemba, ndipo ukutane na kaskazi ukiwa umeshika ardhi. Mche wa Desemba hulikuta jua la Januari mizizi yake bado ina urefu wa kidole. Wengi hufa, na mwenye nyumba akasema mawaridi hayaoti pwani.

Mti gani

Hapa ndipo watu hutupa pesa. Mtu hupita kwa muuza miche, akaona mche wenye waridi moja kubwa jekundu limefunguka, akanunua ua badala ya kununua mti. Lile ua litaanguka baada ya siku chache. Tazama shina na majani. Tafuta mche wenye matawi matatu au zaidi yaliyotoka chini, majani yasiyo na madoa, na mizizi myeupe ikichungulia chini ya kifuko. Mizizi ikiwa imezunguka kifuko mara nyingi na kukakamaa, mche umekaa humo muda mrefu kupita kiasi, uache.

Miche mingi inayouzwa huku huletwa kutoka bara na imebebeshwa, yaani aina yenye ua zuri imeunganishwa juu ya shina la mwaridi mwingine wenye mizizi mikali. Pale ilipounganishwa utaona nundu. Kubebesha ni jambo jema kwetu, kwa sababu mizizi ya yale mawaridi ya kifahari haipendi mchanga. Ila ukishaleta mche wa bara nyumbani, usiupande siku hiyo hiyo. Uache wiki moja mahali penye kivuli chepesi, uzoee hewa yetu.

Kuhusu aina, mawaridi yenye asili ya China ndiyo yanayostahimili joto vizuri: vichaka vya kiasi, maua si makubwa, lakini yanarudi tena na tena. Na yako yale yanayoitwa Bourbon, ambayo yalipatikana kisiwa cha Réunion mwanzoni mwa karne ya 19, yametokana na waridi la China na lile la Damasko. Yalizaliwa katika bahari hii hii tunayoivua sisi, na yana harufu. Ukiyapata, chukua.

Waridi la Taif, mji wa Saudia, ni habari nyingine. Wanaorudi Umra na chupa za marashi hutamani kuuona mti wenyewe uani, na wapo wanaouliza namna ya kuuleta. Taif iko milimani, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mwaridi wake, ambao ni ule wa Damasko, unataka kipindi cha baridi ya kweli ndipo utoe maua mengi. Huku utapata majani na miiba. Endelea kununua marashi.

Yale mawaridi marefu ya dukani yaliyofungwa kwa utepe nayo yana hadithi yake. Yamezalishwa kwa ajili ya nyumba za nailoni za nyanda za juu. Kijiti chake kinaweza kuotesha mizizi, lakini mti hautakupa ua kama lile ulilopewa. Tena hupuliziwa dawa nyingi, kwa hiyo petali zake zisiingie kwenye kikuba wala kwenye chai.

Bora kuliko vyote: kama mtaani kwenu kuna mwaridi ulioishi miaka mingi kwenye ua wa mtu bila kubembelezwa, mwombe mwenyewe vijiti. Mti huo umekwisha kufanya mtihani wa chumvi na ukafaulu.

Mahali pa kuuweka

Mwaridi unataka jua la moja kwa moja saa sita kwa siku hivi, na jua la asubuhi ni bora kuliko la alasiri. Unataka pia kukingwa na kusi, kwa sababu kusi la Juni na Julai linavuma kutoka baharini likiwa na chumvi, na ile chumvi huunguza ncha za majani.

Ukiwa na ukuta, panda upande wake wa kaskazini, yaani ukuta uwe kati ya mti na upepo wa kusi. Watu wengine hudhani hapo patakosa jua. Sisi tuko nyuzi mbili na kitu kusini mwa ikweta ukiwa Lamu, tatu na kitu ukiwa Malindi, na mwezi wa Juni jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini wetu. Kwa hiyo mti ulio nyuma ya ukuta huo hupata jua lote la kipupwe na hauguswi na upepo. Ifikapo Desemba jua limehamia kusini, na ukuta wa mita 3 hutupa kivuli cha zaidi ya mita 1 saa sita mchana, wakati ule ule mti unapohitaji kivuli. Mahali kama hapo pakiwepo nyumbani kwako, usipajaze matofali na mitungi ya gesi.

Acha nafasi ya nusu mita kutoka ukutani. Ukuta uliopakwa chokaa hurudisha joto, na chokaa inayobanduka huanguka kwenye udongo.

Nyumba za mji wa Lamu zina shida yake: vichochoro vyembamba, kiwanda cha ndani, yaani uwanja mdogo ulio katikati ya nyumba, kinachopata jua kwa saa mbili tatu tu, na jua lote liko darini. Juu darini panafaa, mradi mti uwe kwenye chombo kizito na nyuma ya ukingo au kiambaza cha makuti. Makuti hupunguza upepo bila kuuzuia kabisa, nayo ni bora kuliko bati, ambalo huufanya upepo ujipinde na kuangukia mti kwa nguvu upande wa pili.

Udongo: anza na siki

Chukua kijiko cha udongo mkavu wa uani kwako, weka kwenye kisahani, mimina siki kidogo. Ukisikia unachemka na kutoa povu, una chokaa ya matumbawe ndani yake. Karibu na ufuo utachemka tu. Kwenye viwanda vya nyumba za zamani Lamu huchemka zaidi, kwa kuwa chini kuna kifusi cha lipu iliyobomoka miaka na miaka.

Mwaridi hupenda udongo wenye uchachu kidogo, pH ya 6 hadi 6.8. Mchanga wa matumbawe huwa juu ya 8. Kwenye udongo wa namna hiyo madini ya chuma yamo lakini mti hauwezi kuyafyonza, na utaona majani machanga yanakuwa ya manjano huku mishipa yake imebaki kijani. Watu huona umanjano wakaongeza samadi. Haisaidii, kwa sababu kilichokosekana si chakula, ni namna ya kukila.

Unaweza kuambiwa utie salfa ya unga. Kwenye udongo usiochemka hufanya kazi, polepole. Kwenye udongo unaochemka utatia salfa mpaka uchoke, na chokaa itaendelea kuwepo. Njia ya uhakika ni kutopanda kwenye udongo huo kabisa: jenga kitalu kilichoinuka sentimita 40 hivi, au tumia chombo, na ujaze udongo wa kutoka kwingine.

Malindi kazi ni nyepesi. Udongo mwekundu wa upande wa Magarini unafaa sana, na mwenye lori ndogo anaweza kukuletea. Lamu itabidi uje kwa boti kutoka bara kupitia Mokowe, kisha kwenye mashogi ya punda hadi mlangoni, na ndiyo sababu nawashauri watu wa Lamu waanze na vyombo viwili vitatu badala ya bustani nzima. Kokote unakoupata, upime kwa siki kabla ya kulipa. Usichimbe mchanga wa vilima vya Shela. Humo chini ndimo maji matamu ya mji yanamohifadhika, na hata hivyo mchanga ule hauna chakula.

Mchanganyiko ninaoutumia: karai 3 za udongo mwekundu, karai 2 za samadi iliyooza vizuri, karai 1 ya makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa. Makumbi hushika maji na kuuachia udongo hewa. Hakikisha hayakutoka kwenye yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba, maana hayo yamejaa chumvi. Hata makumbi ya kawaida yaloweke kwa maji matamu na uyamwage maji hayo mara tatu. Samadi ya mbuzi ni nzuri. Ya punda, ambayo Lamu haikosekani, ni nzuri pia ikikaa miezi mitatu kwenye lundo lililofunikwa. Mbichi huunguza mizizi na kukuoteshea nyasi za kila aina.

Jivu la mkaa usitie. Kwenye udongo mchachu wa bara jivu husaidia, kwetu linaongeza chokaa juu ya chokaa. Maganda ya mayai vivyo hivyo. Machicha ya kahawa hayana neno, changanya kwenye mboji. Machicha ya nazi yape kuku.

Chombo chenyewe kiwe cha lita 30 au zaidi na matundu chini. Debe la mafuta ni lita 20, linafaa kuanzia tu, na kwa hewa yetu litaoza kwa kutu haraka. Chungu kipya cha saruji hutoa chokaa kwa muda mrefu, kwa hiyo kiloweke na kumwaga maji kwa wiki mbili, au kipake rangi ya mafuta ndani. Ndoo kubwa ya plastiki si ya kupendeza lakini haidhuru mti.

Maji

Onja maji. Kama ulimi unakwambia yana chumvi, mwaridi umeshaambiwa zamani. Visima vilivyo karibu na bahari huzidi chumvi kadiri kiangazi kinavyoendelea, na kisima kilichokuwa kitamu Julai kinaweza kuwa kimegeuka Februari.

Maji ya mfereji ya Malindi, yanayotoka Baricho kando ya Mto Sabaki, yanafaa. Maji ya mvua ndiyo bora kabisa, na kwa hili wazee wa visiwa vya Lamu walitutangulia na majabia na mabirika yao. Mwenye birika lenye vile visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu achote kwa bakuli, asiwamwagie mawaridi. Na kuna chanzo ambacho watu hukipuuza, yale maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi. Hayana chumvi hata chembe. Tega ndoo chini ya bomba lake.

Maji ya kuoshea mchele au mboga yanafaa. Maji ya sabuni ya vyombo na ya kuchemshia chakula chenye chumvi, hapana.

Mwagilia asubuhi, chini kwenye udongo, mpaka maji yatokeze kwenye matundu. Kwa chombo cha lita 30 ni kama lita 2 au 3 kila baada ya siku moja wakati wa kipupwe, lakini kidole ndicho kipimo: kichomeke kwenye udongo, kikitoka kikavu, mwagilia. Kidogo kidogo kila siku ni kosa, kwa sababu maji hukauka yakaacha chumvi yake juu. Mara moja kwa mwezi mimina maji matamu mengi mfululizo mpaka yapite chini kwa wingi, ngoja nusu saa, urudie. Hapo unaosha chumvi iliyojikusanya.

Siku ambazo kusi limevuma kwa nguvu, nyunyizia majani maji matamu asubuhi mapema kuondoa chumvi. Asubuhi, si jioni. Majani yakilala yamelowa, utaalika madoa meusi.

Siku ya kupanda

Panda alasiri, jua likiwa limepoa.

1. Loweka mche pamoja na kifuko chake kwenye ndoo ya maji matamu kwa nusu saa.

2. Kama ni kwenye kitalu, chimba shimo la sentimita 45 kwa 45, kina hicho hicho. Ukifika kwenye mwamba kabla ya hapo, usihangaike na sururu. Inua kitalu zaidi. Mimina ndoo ya maji shimoni. Kama baada ya saa moja bado yametuama, hapo si mahali pa mwaridi.

3. Tandaza mchanganyiko chini, ufanye kichuguu kidogo katikati.

4. Chana kifuko kwa kisu, usiuvute mche kwa shina. Mizizi iliyojizungusha ifungue kwa vidole.

5. Weka mche ile nundu ikae juu ya ardhi kwa vidole viwili au vitatu. Miongozo ya nchi za baridi husema ifukiwe ili isiuawe na barafu. Kwetu ikifukiwa huoza, au ile aina ya juu huotesha mizizi yake yenyewe, isiyopenda mchanga.

6. Jaza, shindilia kwa viganja wala si kwa miguu, kisha mwagilia polepole lita 5 hivi. Udongo ukizama, ongeza.

7. Funika juu kwa matandazo ya makuti makavu au majani, unene wa vidole vitatu, ukiacha nafasi tupu kuzunguka shina.

8. Kata maua na vitumba vyote vilivyopo. Hili huwauma watu, lakini mche unaolisha ua hauwezi kuotesha mizizi.

Kati ya mti na mti acha sentimita 80 au zaidi. Bustani za bara huisogeza miti karibu zaidi. Kwa unyevu wetu, hewa isipopita kati yake ukungu hautoki.

Mahali ulipong'oa nyanya au bamia zilizodumaa usipande mwaridi kwanza. Ng'oa mzizi mmoja utazame: ukiwa na vinundu vinundu, udongo una minyoo ya mizizi, nayo hupenda sana mchanga. Panda mbangibangi (yale maua ya njano yenye harufu kali) hapo msimu mmoja, na mwaridi uweke kwenye chombo.

Kuotesha kwa vijiti

Kipupwe ni wakati mzuri wa kuotesha vijiti pia, kwa sababu havikauki upesi. Chagua tawi ambalo ua lake limetoka kupukutika, nene kama kalamu ya risasi. Kata kipande cha sentimita 15 hadi 20 chenye macho manne (pale machipukizi yanapotokea), chini ukate mshazari karibu na jicho. Ondoa majani yote isipokuwa mawili ya juu. Wengine huchovya ncha kwenye utomvu wa mshubiri. Haidhuru, fanya ukipenda. Kinachoamua zaidi ni ukali wa kisu, maana kisu butu huponda tawi likaoza.

Chomeka nusu ya kijiti kwenye mchanganyiko wa mchanga uliooshwa na makumbi, bila samadi. Mwagilia, funika na chupa kubwa ya maji iliyokatwa kitako, kifuniko chake umekitoa. Weka kivulini penye mwanga. Mizizi huja kati ya wiki ya nne na ya nane. Majani mapya si ushahidi wa mizizi, kwani kijiti kinaweza kuchipua kwa akiba iliyomo ndani yake kisha kikafa, kwa hiyo usikivute kila siku kukipima. Ukiona mizizi kwenye matundu ya chini, toa chupa kidogo kidogo kwa siku kadhaa, ndipo uhamishe.

Otesha vijiti vingi kuliko unavyohitaji. Vikishika nusu, umefanya vizuri.

Chakula na mkasi

Mwezi wa kwanza usitie mbolea yoyote zaidi ya ile samadi uliyochanganya. Baada ya hapo, konzi mbili tatu za samadi iliyooza kila mwezi zinatosha. Umanjano wenye mishipa ya kijani ukitokea, uliza agroveti mbolea ya maji yenye madini ya chuma ya kunyunyizia majani. Utaona mabadiliko kwenye majani mapya, ya zamani hayarudi.

Kupogoa ndiko kunakowatatiza waliosoma miongozo ya ng'ambo. Kwa kuwa mti haulali, usiukate mpaka chini. Mwaka wa kwanza kata maua yaliyokauka tu, ukishuka hadi kwenye jani la kwanza lenye vijani vitano. Kuanzia mwaka wa pili, kila Julai ondoa matawi makavu, yanayosuguana na yaliyoelekea ndani, kisha fupisha yaliyobaki kwa theluthi moja. Kata juu kidogo ya jicho linalotazama nje. Futa mkasi kwa spiriti ukitoka mti mmoja kwenda mwingine.

Tangu kukatwa hadi kutoa ua huchukua wiki sita au saba hivi. Hesabu hiyo ina faida. Mfunguo sita ukiangukia Agosti au Septemba, kama miaka hii, na ukataka mawaridi yako mwenyewe kwenye sinia siku ya Maulidi, rudi nyuma wiki saba kwenye kalenda, na hapo ndipo ushike mkasi.

Machipukizi yanayotoka chini ya ile nundu ni ya shina la mizizi, hayatatoa ua ulilonunua. Usiyakate, yakwanyue kutoka pale yalipoota. Yakikatwa hurudi mawili.

Wadudu na maradhi

Madoa meusi kwenye majani, yenye ukingo wa manjano, ndiyo ugonjwa mkubwa wa kipupwe chenye manyunyu. Okota majani yaliyougua, yaliyoanguka na yaliyo mtini, uyachome. Yasiingie kwenye mboji. Ukungu mweupe kama unga hupungua kwa maziwa sehemu 1 na maji sehemu 9, nyunyizia kila wiki. Hali ikizidi, agroveti wana dawa za ukungu zenye shaba, ila mti uliopuliziwa dawa hizo usichumie petali za kula wala za kuvaa.

Vidukari hujikusanya kwenye vitumba. Vioshe kwa maji, au kwa maji yenye kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, kisha suuza. Utitiri mwekundu huja wakati wa kaskazi, chini ya jani, na dalili yake ni jani kuwa na vidoti vya kupauka na utando mwembamba. Nao hauupendi unyevu: nyunyizia maji chini ya majani asubuhi siku tatu mfululizo. Mwarobaini unasaidia kwa wote wawili. Twanga konzi kadhaa za majani, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza tone la sabuni na upulizie alasiri jua likiwa limepoa, majani yapate kukauka kabla ya usiku, ukitumia siku hiyo hiyo.

Mbuzi na punda hawamo kwenye vitabu vya mawaridi. Miiba haiwazuii, hasa kwa machipukizi mapya. Zungushia uzio.

Kaskazi ikiingia

Kuanzia Desemba punguza matarajio. Maua yatakuwa madogo na yatadumu siku moja mbili. Acha mbolea, acha mkasi, ongeza matandazo, na maji yawe kila siku, kwenye vyombo hata mara mbili. Vyombo visogeze mahali pasipo na jua la alasiri. Ukisafiri, mwachie jirani maelekezo ya maji na ndoo yenye maji hayo, maana atachota ya kisimani.

Maua ya kikuba chuma alfajiri umande haujakauka, yakiwa yamefunguka nusu. Harufu ya mchana imeshapotelea hewani.

Udongo wa kwenye vyombo ubadilishe kila baada ya miaka miwili, Juni au Julai, kwa sababu huwa umeshiba chumvi hata ukiuosha. Na mti ambao umepata udongo mzuri, maji matamu na kinga ya upepo, na bado ukakaa misimu miwili ya kipupwe bila kuchangamka, ung'oe. Weka asumini kwenye chombo hicho.